Unatafuta chumba Dar kwenye nyumba ya wapangaji wengi? Anzia kwenye mita na choo

Chumba changu cha kwanza Dar kilikuwa upande wa Kigogo, si mbali na bonde la Msimbazi, na nilikichagua kwa sababu kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Masika ya kwanza ile rangi ikaanza kubanduka. Chini yake kulikuwa na mstari wa kahawia uliozunguka kuta zote nne, umenyooka kama umepigwa rula, futi mbili kutoka sakafuni. Maji yalishawahi kufika hapo. Jirani wa chumba cha pili alinikuta napandisha mabegi juu ya kitanda, akasimama mlangoni na ndoo yake, akaniuliza: "Kwani hukuambiwa?"

Sikuambiwa kwa sababu sikumuuliza mtu yeyote anayelala humo. Nilizungumza na dalali, nikazungumza na baba mwenye nyumba, nikalipa. Tangu hapo nimehama nyumba nne, nimesaidia wadogo zangu wawili kutafuta zao, na utaratibu ninaouandika hapa nimeupata kwa kukosea.

Siku hizi mambo ya watu wasio ndugu kuishi nyumba moja yanatangazwa kwa majina mazuri, kana kwamba yamegunduliwa jana. Dar tumekulia humo: korido katikati, vyumba sita au nane huku na huku, choo na bafu uwani, bomba moja, mita moja, na kamba za kuanikia zinazogombewa kila Jumamosi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Nyumba ya peke yako si ya kila mtu, na kwa anayeanza maisha ni ndoto ya baadaye. Kwa hiyo kazi iliyopo ni kuchagua vizuri nani utapishana naye kwenye hiyo korido, na kwa bei gani hasa.

Anza na hela ya kuingilia

Kodi inatajwa kwa mwezi lakini inalipwa kwa miezi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, na anayekubali mitatu ni wa kumshukuru. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo utatanguliza miezi mingapi ni mapatano yenu. Juu yake kuna dalali, ambaye kwa mazoea anachukua kodi ya mwezi mmoja.

Chumba cha 80,000 kwa hiyo ni 480,000 za miezi sita na 80,000 za dalali, jumla 560,000, na bado hujanunua hata balbu. Weka 80,000 nyingine za kirikuu ya kuhamishia vitu, kitasa kipya, pazia na vikorokoro. Imefika 640,000.

Mimi naifanya hesabu kwa kurudi nyuma. Chukua hela uliyonayo kweli, usihesabu ile uliyoahidiwa. Toa 80,000 za kuhamia, kinachobaki gawanya kwa saba. Ukiwa na laki tano, unapata 60,000, na hicho ndicho chumba chako. Mwambie dalali 60,000 na ushikilie hapo hapo, maana atakupeleka kwanza kwenye cha 90,000 "ukione tu", na ukishakiona, cha 60,000 kitakunukia vibaya.

Kuhusu dalali huyo huyo. Hela ya kuzungushwa, elfu kumi au ishirini, kubalianeni mapema ni ya vyumba vyote atakavyokuonyesha, si kwa kila mlango. Kodi usimpe yeye, hata akisema mwenye nyumba yuko safarini. Ujira wake mlipe siku mkataba unasainiwa, mbele ya mwenye nyumba. Na kama chumba kimoja umeonyeshwa na madalali wawili, mweleze mwenye nyumba waziwazi nani alikuleta kwanza. Wakianza kugombana siku ya kuhamia, watakaokuwa wanatukanwa mlangoni ni wewe na kitanda chako.

Eneo: pita njia yenyewe, saa yenyewe

Hapa sitakaa sana kwa sababu kila mtu anajua kazi yake iko wapi. Kilomita za Dar hazisemi kitu, kinachosema ni foleni. Mtu wa Kimara anayepanda mwendokasi hadi Kivukoni anaweza kumtangulia wa karibu zaidi anayebadilisha daladala mbili na kumalizia na bodaboda. Kabla hujalipa, toka kwenye hiyo nyumba asubuhi moja kama mtu anayekwenda kazini, panda unachokusudia kupanda, uone umefika saa ngapi na umetumia shilingi ngapi. Nauli ya mwezi ijumlishe kwenye kodi. Chumba cha elfu 50 kinachokula elfu 4 za nauli kwa siku kina bei kuliko cha elfu 90 unakotembea kwa miguu.

Halafu uliza masika. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na vuli nayo ikiamua haina dogo: mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya baadhi ya familia za mabondeni zihamishiwe Mabwepande. Ukienda kuangalia chumba kiangazi, angalia kuta kwa chini, ndani na nje, na nyumba za jirani vilevile, maana jirani hajapaka rangi kwa ajili yako. Ukiona kizingiti cha mlango kimejengwa juu kama ukuta mdogo, mpaka unainua mguu kuingia, ujue hakikuwekwa kwa urembo.

Mita

Hapa ndipo wengi wanapigwa bila kujua, kwa hiyo tulia kidogo.

TANESCO, shirika la umeme, ina daraja la wateja wadogo wa majumbani, wale ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Kwao uniti moja, ukishaweka VAT na tozo, inakuja kama shilingi 122. Mita ikizoea kuvuka hapo inahamia daraja la kawaida, na huko uniti ni kama shilingi 356. Sasa fikiria nyumba ya wapangaji sita kwenye mita moja. Kila mmoja anatumia uniti 25 tu, feni, taa, simu na televisheni ya jioni. Angekuwa na mita yake, angelipa 3,050 kwa mwezi. Lakini sita kwa pamoja ni uniti 150, mita iko daraja la juu, na uniti zake zilezile 25 anazilipia 8,900. Hajawasha kitu cha ziada. Amekaa tu na wenzake.

Kuijua mita iko daraja gani ni rahisi: omba meseji ya mwisho ya kununulia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwa shilingi 5,000, mita ya bei ndogo inatoa uniti kama 41. Ya bei ya kawaida inatoa 14. Ukiona 9 na ushee, usishtuke, pengine ni manunuzi ya kwanza ya mwezi na kodi ya jengo imekatwa humo. Kodi hiyo imekuwa ikikatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Basi iseme mapema kabla ya kusaini: kwa mwaka ni 18,000, itatolewa kwenye kodi yangu ya chumba au mnaigawanaje? Baadhi ya wenye nyumba watakuangalia kama umewatukana. Wengine watasema "haya, tutaangalia", na hiyo ichukue kama jibu la hapana.

Kisha uliza umeme unachangwa vipi. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kila chumba kiasi sawa, elfu tano kwa elfu tano, na hii inawafaa wenye friji na pasi. Ya pili ni kuchanga kwa vifaa: mwenye friji anaongeza, mwenye taa moja anapunguziwa. Inaonekana ya haki ila inahitaji mtu wa kuisimamia, na ugomvi wake hauishi, hasa kukiwa na mtu anayedaiwa kuwa na heta chini ya kitanda. Ya tatu ni mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu anasomewa uniti zake. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sharti moja: ujue uniti unauziwa shilingi ngapi. Nyumba moja niliyokaa, mama mwenye nyumba alikuwa anatuuzia uniti kwa 500 wakati yeye ananunua kwa 356. Tulikuja kugundua siku aliposahau simu yake kibarazani, meseji ya LUKU ikaingia watu wakiwa wamekaa.

Maji, choo, na saa kumi na mbili asubuhi

Usiulize "maji yapo?" Jibu litakuwa "yapo". Uliza yanatoka siku gani, saa ngapi, na yasipotoka mnafanyaje. Kama kuna simtanki, uliza nani analijaza na ufunguo wa bomba anao nani. Kama ni kisima, fungua bomba unawe mikono na kipande cha sabuni. Maji ya chumvi hayatoi povu, na hapa mjini visima vya namna hiyo viko vingi. Kwa kufulia utavumilia, ya kunywa na kupikia utanunua kwa dumu, na dumu nalo liingie kwenye hesabu.

Choo nacho kina hesabu yake. Gawanya idadi ya watu kwa idadi ya matundu, na uhesabu watu, usihesabu vyumba, kwa sababu chumba kimoja kinaweza kuwa na mama, baba na watoto watatu. Kwa uzoefu wangu watu sita kwa tundu moja mnaishi vizuri. Kumi mnaanza kununiana. Kuanzia hapo unaoga saa kumi alfajiri au unachelewa kazini.

Kwa hiyo nenda saa kumi na mbili asubuhi. Najua dalali hataki, yeye anapenda saa tisa alasiri nyumba ikiwa tupu na imefagiliwa. Nenda mwenyewe siku ya pili, bisha hodi, sema ulikuja jana kuangalia chumba na kuna kitu unataka kukihakikisha. Simama uwani dakika kumi. Utaona foleni ya ndoo, utasikia nani anamgongea nani mlango, utaona kama sakafu ya bafu inapitisha maji au yanatuama. Mara moja niliona taulo saba zimepangwa kwenye ukuta wa bafu, kila moja imeshika nafasi ya mwenyewe, na mtoto wa kama miaka minane akiwa mlinzi wa foleni. Nyumba ile niliichukua. Watu waliokubaliana hadi kwenye taulo, umeme hauwezi kuwashinda.

Uliza pia shimo lilinyonywa lini na nani alilipa. Gari la majitaka si hela ya soda, na kuna nyumba ambazo mpangaji mgeni anakutana na mchango huo wiki ya pili, kwa shimo lililojazwa na waliohama.

Watu: ongea na anayemenya vitunguu

Kila nyumba ina mtu mmoja anayekaa kibarazani na kuijua nyumba nzima. Mara nyingi ni mama wa makamo, mpangaji wa siku nyingi, na akikuta una adabu atakuambia usichoweza kukisoma kwenye mkataba wowote. Usimhoji mbele ya dalali. Hivi ndivyo ilivyokuwa Tandale, nilipompeleka mdogo wangu wa kike:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuona kile cha mwisho?"

"Ndiyo mama. Kikoje?"

Akamtazama dalali, akarudi kwenye vitunguu vyake. "Chumba kizuri."

Simu ya dalali ikaita, akatoka nje ya geti. Yule mama hakuinua uso. "Waulize aliyekuwemo kahamia nini."

Tuliuliza. Aliyekuwemo alikuwa binti kama mdogo wangu, na alihama kwa sababu mlango wa nyuma, unaotokea choo cha nje, haukuwa na komeo, na taa ya uwani ilikuwa inazimwa saa tatu usiku ili kubana umeme. Mwenye nyumba alikuwa hajarekebisha chochote, ameshusha kodi kwa elfu kumi tu. Tulimshukuru yule mama, tukaondoka.

Maswali yangu kwa wapangaji siku zote ni yaleyale machache: geti linafungwa saa ngapi na kila mtu ana ufunguo au kuna mmoja wa kugongewa? Mgeni anaruhusiwa kulala? Zamu ya kudeki choo ikoje, na asiyefanya anafanywa nini? Mnapikia wapi, na kuna anayepikia mkaa ndani ya korido? Kuna kunguni? Hili la mwisho liulize taratibu, kwa sababu hakuna anayependa kukubali, lakini inua godoro la mtu ukiruhusiwa, au angalia kona za dari na nyufa za fremu ya mlango. Kunguni wa chumba kimoja ni wa nyumba nzima, na kupulizia chako peke yako ni kuwatuma likizo kwa jirani.

Rudi tena usiku, hata ukiwa unapita tu. Baa ya mtaa wa pili haisikiki mchana.

Mkipanga marafiki pamoja

Kuna wanaoona bora kuchukua nyumba ya vyumba viwili na sebule, wakagawana watatu. Kwa kichwa inatoka nafuu na choo ni chenu. Tatizo ni kwamba kodi imelipwa kwa miezi sita na urafiki hauna mkataba. Mmoja anapata kazi Dodoma mwezi wa tatu, anataka hela yake ya miezi iliyobaki, na hiyo hela ilishaingia kwa mwenye nyumba.

Andikeni kabla ya kuhamia, hata kwenye karatasi ya daftari, wote mkasaini: anayeondoka katikati atamtafuta wa kumrithi mwenyewe, na waliobaki wana haki ya kumkataa; mwenye chumba kikubwa anaongeza kiasi gani; sebule analala nani na analipa nini; mpenzi akizidisha usiku kadhaa kwa wiki anachangia LUKU na maji. Aya hiyo ya mpenzi mtaicheka mkiiandika. Iandikeni. Na majina yenu wote yawe kwenye mkataba wa mwenye nyumba, kwani ikiwa la mmoja tu, siku mkikosana yeye ndiye mpangaji na ninyi ni wageni wake.

Kusaini

Kabla ya kutoa hela, pita ofisi ya serikali ya mtaa. Utaihitaji hata hivyo kujitambulisha kama mkazi mpya, basi tumia safari hiyo hiyo kuuliza nyumba fulani ni ya nani. Kuwa mwangalifu sana na nyumba za urithi. Baba alifariki, watoto watano, mmoja ndiye anayekusanya kodi; unalipa miezi sita kwake, mwezi wa pili anatokea kaka mkubwa kutoka mkoani anasema hakuna aliyemtuma. Kama ni nyumba ya familia, taka kuona anayesaini ana idhini ya wenzake au ni msimamizi wa mirathi.

Lipa kwa benki au simu, ujumbe wa muamala ubaki. Ukilipa taslimu, saini iwe palepale na shahidi awepo. Mkataba uwe na tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi kwa tarakimu na maneno, notisi ya kuhama au kuhamishwa, nani anatengeneza kitasa, bati na koki, namna umeme na maji vinavyochangwa, na kwamba kodi haipandi kabla muda haujaisha. Mkikwama baadaye, mnaanzia serikali ya mtaa kwa usuluhishi. Likiwa kubwa linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko karatasi yako ndiyo itakayoongea.

Siku ya kuhamia fika kabla ya kirikuu. Piga picha kuta, dari, swichi, dirisha, kila ufa. Soma mita mbele ya wapangaji wawili, andika namba. Usije ukachangishwa deni la aliyehama. Badilisha kitasa kabla godoro halijaingia, maana huwezi kujua funguo za zamani ziko mikononi mwa wangapi. Jioni, ukishapanga vitu, pita mlango kwa mlango ujitambulishe, ujue jina la kila mtu, na uulize zamu ya choo wiki hii ni ya nani. Ikiwezekana, iombe wewe.